Kwa Nesi: Shangazi yuko Dar, nani atamwambia mtoto?

Msimu wa tumbaku wazazi wengi wako shambani tangu alfajiri, kwa hiyo ujumbe ninaoupata huandikwa usiku. Nimechagua minne, yote kuhusu watoto wanaobalehe.

Nesi, binti yangu ana miaka 10 na ameanza kuota matiti. Kwetu mambo haya husemwa na shangazi au bibi. Shangazi yake yuko Dar es Salaam, bibi yake alishafariki. Nianzeje? Mama, Urambo

Anza wewe, mama. Mila ile ilikuwa na akili yake: binti alipewa mtu wa kumuuliza bila kumwogopa. Sasa shangazi amehama na kiti chake hakijarithiwa na mtu. Nimepokea kliniki wasichana walioona hedhi ya kwanza wakadhani wamepasuka ndani, wakakaa na damu siku mbili bila kusema, na mama yuko chumba cha pili.

Usimwitie kikao, ataanza kujiuliza kakosa nini. Mkiwa mnachambua mchele, mwambie kwamba matiti yakishaanza kuota, hedhi hufuata baada ya miaka miwili au mitatu hivi, na mwanzoni inaweza kuruka mwezi. Mwonyeshe pedi inavyobandikwa. Kama ni vitambaa, vifuliwe kwa sabuni na vianikwe juani, visifichwe chini ya godoro vikavunda. Halafu ile sehemu inayotutia aibu: mwambie mimba inaingiaje, na kwamba inaweza kuingia hata kabla hajaona hedhi ya kwanza. Ukimwambia tu "usicheze na wavulana" hujamwambia kitu. Kacheza nao rede tangu ana miaka minne.

Mjukuu wangu kachanjwa shuleni bila mimi kuulizwa vizuri. Majirani wanasema sindano ile inafunga kizazi. Bibi, Sikonge

Shikamoo bibi. Haifungi. Ni chanjo ya kirusi cha HPV, kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Nchini kwetu ilianza kutolewa 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kulalamika kwamba hukuelezwa vizuri una haki, na mwalimu mwambie hivyo hivyo.

Binti yangu wa kidato cha pili, miaka 16, ana mimba. Tulimpangia chumba karibu na shule ya kata kwa sababu nyumbani ni mbali. Mhusika ni mtu mzima, dereva wa bodaboda. Wazee wake wamekuja, wanataka kuleta ng'ombe tuyamalize nyumbani. Nimechanganyikiwa. Baba, Nzega

Pole sana, baba. Usidhani umelaaniwa peke yako: utafiti wa taifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 43 ya wasichana wa Tabora wenye miaka 15 hadi 19 wameshazaa au wana mimba. Katavi tu ndiyo ilitupita.

Ng'ombe waache kwao. Tangu 2016 Sheria ya Elimu inampa kifungo cha miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi au kumwoa, na mzazi anayesaidia ndoa hiyo naye anaweza kushtakiwa. Nenda dawati la jinsia na watoto, polisi.

Lakini binti aende kliniki kwanza, leo kama inawezekana, na umpeleke wewe mwenyewe. Hudhurio la kwanza linatakiwa kabla ya wiki 12, wakati wengi husubiri tumbo lionekane. Atapimwa damu, VVU, kaswende na presha. Umri wake unamweka karibu zaidi na kifafa cha mimba, yaani degedege la presha ya ujauzito, na nyonga ambayo haijakomaa inaweza kuzuia mtoto kutoka. Fistula, ile ya kuvuja mkojo au kinyesi bila kujizuia, huanzia hapo. Kwa hiyo ajifungulie penye chumba cha upasuaji.

Shule haijamfungia mlango. Tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi, na ana hadi miaka miwili kufanya hivyo. Swali gumu ni mtoto atabaki na nani, nalo ni lako na mama yake, mlipatie jibu kabla hajajifungua.

Na kile chumba, nitakisema ingawa kitakuuma. Mnalipa kodi, mnapeleka gunia la mahindi, mnarudi shamba. Nauli, sabuni na pedi anapewa na nani? Wengi wa bodaboda wamelijibu swali hilo kabla ya wazazi. Kama una binti mwingine chumbani kama hicho, mtafute mama wa jirani mnayemwamini na umkabidhi binti huyo kwa jina lake.

Nina miaka 14. Nikiamka shuka limelowa mama ananifokea, baba hasemi kitu. Ninaumwa? Mvulana, Ipuli

Huumwi, mdogo wangu. Ni ndoto nyevu, yaani kutokwa na manii usingizini, dalili ya kubalehe, na huwezi kuizuia. Fua shuka lako mwenyewe. Ujumbe huu mwonyeshe baba; yeye pia alikuwa na miaka 14.