Zulia limeota upara chini ya kochi

SWALI: Nina zulia la sufu la mita 2 kwa 3. Juzi nimesogeza kochi nikakuta limeliwa, umebaki uzi wa chini tu, kama kichwa chenye mapunye. Kuna utando mweupe na punje kama mchanga. Jioni vinaruka vipepeo vidogo. Napuliza dawa ya mbu kila siku lakini havikomi. Nilidhani baridi ya huku ingewamaliza. Naombeni msaada.
Msomaji, Kihesa, Iringa

JIBU: Hao ni nondo wa nguo, na dawa yako inawapiga wasiokula. Nondo mwenye mabawa hali kitu. Anayetafuna sufu ni kiwavi wake, mweupe mwenye kichwa cha kahawia, anayejificha gizani kusikopita miguu ya watu. Zile punje ni kinyesi chake. Ziangalie vizuri, mara nyingi zina rangi ya zulia lenyewe. Baridi ya Juni na Julai, hata ya Kitulo, inamchelewesha tu. Ndani ya nyumba anasubiri joto lirudi.

Kwanza litoe zulia nje siku ya jua kali, uligeuze na kulipiga mgongoni, kisha usugue pande zote mbili kwa brashi ngumu. Mayai yameshika kwenye nyuzi, kwa hiyo kukung'uta peke yake hakutoshi. Jua nalo huwafukuza viwavi kuliko kuwaua, maana huhamia upande wenye kivuli.

Kinachoua mayai ni joto au mgando. Zulia kubwa haliingii kwenye friza, basi tumia pasi: tandika taulo lenye unyevu juu ya sehemu iliyoliwa na nusu mita kuizunguka, weka pasi ya moto juu yake bila kukandamiza, hadi taulo likauke. Rudia upande wa pili. Mvuke ndio unaofanya kazi. Jaribu kwanza kwenye pembe usije ukachujisha rangi, na usithubutu kulimwagia maji ya moto, sufu itajikunja na zulia halitarudi kipimo chake.

Zulia dogo lifunge kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, liweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika likayeyuka, anza kuhesabu upya. Ukilitoa, usifungue mfuko hadi kesho yake, ili umande ubaki nje ya plastiki.

Sakafu isisahaulike. Fagia nyufa, kingo za ukuta na chini ya kochi lenyewe, na takataka uzichome. Ukitaka dawa, chagua yenye pemethrini inayoruhusiwa kwa mazulia, ufuate lebo. Paka na samaki wa kufugwa wakae mbali. Mafuta ya taa hapana, hasa kwenye nyumba zenye jiko la mkaa sebuleni. Rudia usafi kila wiki kwa miezi miwili, kwani mayai hayaanguliwi siku moja.

SWALI: Dirishani naokota vijidudu vya mviringo vyenye madoa, na chini ya zulia kuna maganda yenye nywele. Nimeweka naftalini pembe zote za chumba, wapi!
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Ni mbawakawa wa mazulia. Mkubwa hula chavua ya maua, ndiyo maana yuko dirishani anatafuta kutoka. Maganda ni ya watoto wake. Angalia darini: kiota cha ndege au nyigu waliokufa huwa ndiyo ghala lao. Toa hivyo kwanza, kisha zulia lifanyie kama tulivyoeleza hapo juu.

Naftalini iondoe. Mvuke wake hufanya kazi ndani ya sanduku lililofungwa tu. Chumbani mnauvuta ninyi, na mtoto akimeza kidonge kimoja anaweza kuharibikiwa damu.

SWALI: Zulia langu nililonunua mnadani litaliwa?
Msomaji, Uyole

JIBU: Chomoa uzi mmoja, uchome. Ukinuka nywele na kusagika majivu, ni sufu. Ukiyeyuka ukawa tone gumu, ni plastiki, na hao wadudu hawana haja nalo, labda lipakwe mchuzi.