Sindano ilimpa mamangu vipele, sista akasema ni joto

SWALI: Asalaam aleikum mfamasia. Mamangu alilazwa hapa Mombasa, ana kidonda cha mguu na sukari iko juu. Siku ya pili alidungwa sindano ya kidonda kwa mshipa, haikufika nusu saa akaanza kujikuna, shingo na mikono ikajaa vipele, midomo ikafura. Nikamwita sista akasema ni joto la wodi, baadaye daktari akaja akabadilisha dawa kimyakimya. Karatasi tuliyotoka nayo haina hata neno moja kuhusu hiyo sindano. Tena jioni moja aliletewa vidonge vya mgonjwa wa kitanda cha pili, wote wawili ni Mwanaisha, lau sikuwepo angemeza. Sasa mama yuko salama, nifuatilie ama ninyamaze? – Binti wa Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam binti yangu, mpe mama pole. Joto la Mombasa twalijua sote, hutoa harara, lakini harara haiji nusu saa baada ya sindano wala haifurishi midomo. Hiyo inafanana sana na mzio (aleji) wa dawa, na aliyebadilisha sindano nadhani aliliona hilo, shida ni kuwa hakuandika, ama aliandika kwa faili na nyie hamkuambiwa.

Kwa hivyo kwanza rudi ukaulize jina la ile sindano. Sio kwa ugomvi, sema tu nataka jina liandikwe kwa karatasi ya mama, halafu lipige picha liwe kwa simu yako na ya ndugu zako. Maanake tuseme ilikuwa jamii ya penisilini, kesho kutwa mama ana kikohozi mwamtuma mtoto kemisti ya mtaani, anarudi na Amoxil ama Augmentin, na hizo ni penisilini hizo hizo kwa jina lingine, na mzio ukirudi waweza kuja mkali kuliko wa kwanza, koo linafunga, presha inashuka, hapo hata tuktuk ya kumpeleka hospitali hamtaiona kwa wakati.

Pili, iko fomu ya njano. Ni ya Bodi ya Famasia na Sumu, ile inayosimamia dawa Kenya, daktari, sista ama mfamasia anaijaza akishuku dawa imemdhuru mtu, na nasisitiza AKISHUKU, hahitaji kuthibitisha. Hata wewe mwananchi waweza kuripoti kwa bodi kupitia mtandao wao. Wanachotaka ni mgonjwa ni nani (herufi za jina zatosha), dawa gani, ilimfanya nini na nani anaripoti. Wengi wanaogopa wakidhani ni kumshtaki mtu, la hasha, mzio waweza kutokea na kila mtu alifanya kazi yake sawasawa.

Mtauliza kwani dawa si zilishapimwa? Zilipimwa, lakini kwa watu elfu kadhaa, sasa dhara linalompata mmoja kati ya elfu kumi utalionea wapi? Thalidomide walipewa waja wazito kwa usingizi na kichefuchefu, ilikuja kuanza kuondolewa madukani 1961 baada ya madaktari kuandika wanaona watoto wanazaliwa na mikono na miguu mifupi. Ndio maana 1968 Shirika la Afya Duniani likaanzisha mpango wa nchi kukusanya ripoti hizi pamoja, Kenya iliingia 2010, na ripoti zinaishia kwa kituo cha mpango huo, Uppsala kule Sweden. Kipele cha Kisauni kikiandikwa kinafika huko, kisipoandikwa kinaishia wodini.

Habari ya vidonge vya Mwanaisha mwenzake ni kitu kingine, hilo ni kosa, na hata kama hakumeza linafaa kuripotiwa ili wodi ijirekebishe. Mwambie sista msimamizi wa wodi. Na niwape siri moja: sista akija na dawa akamwambia mgonjwa "wewe ndo Mwanaisha?", mama mzee asiyesikia vizuri atajibu ndio kwa kila kitu, hata ungemuuliza wewe ndo Juma. Swali la sawa ni "jina lako nani?", majina yote, halafu yalinganishwe na karatasi ya dawa pamoja na namba ya faili ama tarehe ya kuzaliwa. Ukiwa kando ya kitanda usione haya kuuliza hii ni ya nini. Sista mmoja na wodi imejaa mpaka wengine wanalala wawili wawili, mie simlaumu sana, lakini kuuliza uliza tu.

SWALI: Ami yangu wa Likoni alianzishwa enalapril ya presha, tangu hapo anakohoa kikohozi kikavu usiku kucha, ameshamaliza chupa tatu za dawa ya kikohozi. Aiwache?

JIBU: Asiiwache mwenyewe, presha itapanda. Enalapril na zile zinazoishia na "pril" zinajulikana kwa kikohozi kikavu hicho, na dawa ya chupa haikitibu. Arudi kliniki na hivyo vidonge mkononi aseme kilianza lini, mara nyingi hubadilishiwa losartan, dawa nyingine ya presha. Kikohozi chaweza kuchukua wiki kadhaa kuisha, asikate tamaa siku ya tatu. Lakini akifura midomo ama ulimi, hiyo si ya kungoja kliniki, avuke feri aende hospitali usiku huo huo.