Kwa mnaoanza kuhariri filamu: msije na mwendo mmoja

Wadogo zangu, kabla hamjahangaika na programu mpya, tafuteni filamu mbili za mwaka 1969 mzitazame siku moja: Z ya Costa-Gavras na L'Armée des ombres ya Jean-Pierre Melville. Zote mbili zilihaririwa na Mfaransa mmoja, Françoise Bonnot. Ukiambiwa ni mkono uleule, utabisha.

Kwenye Z mambo yanakimbia. Karibu na mwisho, maofisa wa jeshi wanaletwa mmoja mmoja mbele ya hakimu wa upelelezi. Jina, kazi, taipureta inagonga; huyu akitoka tu, yule keshaingia. Filamu hiyo ndiyo iliyompa Bonnot Oscar mwaka 1970.

Sasa hamia kwa Melville. Mtu kawatoroka Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, usiku, anajitosa kwa kinyozi, ukutani kuna bango la Pétain, kiongozi wa Ufaransa aliyeshirikiana na Wajerumani. Wembe unapita usoni naye hajui kinyozi yuko upande gani. Hapo Bonnot hana haraka kabisa. Anauacha wembe utembee, kimya, mpaka wewe unayetazama unajishika shingo. Kisha kinyozi anampa koti jingine asije akatambulika. Kimya kile kingepunguzwa, koti lile lisingekuwa na uzito wowote.

Mama yake, Monique Bonnot, naye alikuwa mhariri, alifanya kazi na Melville huyohuyo. Binti alianzia kwake. Siku zile kukata kulikuwa kukata kweli, utepe wa filamu uko mkononi, picha 24 kwa kila sekunde. Baadaye alihariri Missing, hata Frida ya mwaka 2002, lakini mimi huwa narudi kwenye zile mbili.

Nasisitiza kwa sababu nimeumia. Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa mahojiano na mjane mmoja. Kila aliponyamaza nikakata, nikaona nimesafisha. Mwenye kazi akaniuliza, "Mbona mama wa watu anaongea kama anasoma taarifa ya habari?" Nikarudi kwenye picha mbichi, zile ambazo hazijakatwa. Msiba wote ulikuwa mle nilimokata: sekunde sita anakunja ncha ya kanga, anaikunjua, anaikunja tena.

Siku hizi nikipokea picha, siku ya kwanza sikati kitu. Natazama zote na sauti zake, kalamu mkononi, naandika mtu alipovuta pumzi, alipotazama pembeni, alipotaka kusema akaacha. Kesho yake ndipo nafungua programu.