Sanamu za uani: zunguka kwanza, kibao utasoma baadae

Kila nikimwambia mtu twende makumbusho tukaone sanamu jibu ni lile lile, aah hayo mambo ya sanaa mimi siyaelewi. Alafu akifika anakimbilia kibao, anasoma, selfi mbili tatu, kamaliza. Ushauri wangu kibao kiache kwanza. Sanamu iliyowekwa nje imetengenezwa izungukwe, na ukishazunguka jiulize tu maswali ya kawaida kabisa, nani kawekwa wapi, anamtazama nani, kapewa nafasi gani hapa uani. Hayo hata mtoto anayaweza.

Nitawapa mfano niliouona kwa macho yangu. Mwaka 2021, kuanzia Mei mpaka Novemba, Wangechi Mutu, huyu dada msanii wa Kenya aliyezaliwa Nairobi 1972 na anayefanya kazi kati ya Nairobi na Brooklyn, alipewa makumbusho ya Legion of Honor pale San Francisco aweke kazi zake, zingine ndani zingine uani. Sasa ule ua ni wa kifahari, nguzo kila upande, na anayeutawala ni yule jamaa wa Rodin, mchongaji wa Kifaransa, anaitwa Mwenye Kufikiri, uchi, kidevu kimeegemea mkono, kakalishwa juu ya jiwe miaka nenda miaka rudi. Jengo lenyewe limeigwa kutoka kasri la Paris na lilifunguliwa 1924 kuwakumbuka wanajeshi wa California, kama 3,600 hivi, waliokufa vita vya kwanza vya dunia. Hilo la wanajeshi liwekeni akilini maana nalirudia.

Mutu akaja akalaza miili miwili mbele ya huyo bwana. Inaitwa Shavasana I na Shavasana II, jina la ule mkao wa yoga wa kulala kama maiti. Ukiwa mbali unadhani kuna mtu kasahau busati chini, ukikaribia ndo unaona ni mkeka, na mkeka wenyewe ni wa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, msuko wake unaonekana ukili kwa ukili, na kwa chini imechomoza miguu ya mwanamke na viatu vya visigino virefu.

Nilikuwa na shangazi yangu siku hiyo, alikuja kutusalimia kutoka nyumbani, mtu ambaye hajawahi kusoma kitabu cha sanaa maishani mwake. Akazunguka kimya, akarudi upande wa miguu, akaniambia, "Mwanangu, huyu waliomfunika hawakuwa ndugu zake. Ndugu wangemvua viatu."

Jamani. Nilishasoma maelezo ya maonyesho mtandaoni kabla hatujatoka nyumbani, marefu yale yenye maneno makubwa, na hakuna sentensi hata moja iliyonigusa kama hiyo. Maana ndo jambo lenyewe, mtu kaangukia mahali akiwa kwenye safari zake, kapitiwa, katupiwa mkeka. Na kapitiwa mbele ya jengo la kuwakumbuka wafu, wafu wa heshima waliojengewa nguzo, huku mwenye kufikiri anaendelea kufikiri pale juu. Hiyo picha usingeipata kama zile kazi zingekuwa kwenye chumba cheupe peke yake, ua ndo unaofanya kazi nusu, na ndo maana nasisitiza angalia majirani wa sanamu, usiangalie sanamu tu.

Palikuwepo pia Crocodylus, mwanamke na mamba wamekuwa kiumbe kimoja, na Mama Ray ambaye ni nusu mwanamke nusu taa, yule samaki bapa, mabawa yametanda. Hawa mimi niliwapenda kwa sababu nyingine kabisa, hawana unyonge, wamekaa kama wenye nyumba. Sisi tuliokulia pwani na hadithi za nguva wala hatuhitaji mtu wa kutueleza viumbe vya nusu kwa nusu, na Mutu mwenyewe anazijua vizuri, maonyesho yake ya London mwaka 2014 aliyapa jina la Kiswahili kabisa, Nguva na Nyoka. Kwa hiyo msomaji ukiona unajua kitu ambacho mzungu aliyesimama pembeni yako hakijui, usione aibu, kitumie.

Na tabia yake ya kuchagua mahali sio ya bahati. 2019 pale Metropolitan Museum, New York, aliweka wanawake wanne wa bronzi kwenye vidaka vya ukuta wa mbele, vidaka ambavyo vilikuwa vitupu tangu sehemu ile ilipomalizika 1902. Miaka mia na zaidi hakuna kitu, watu wanapita tu chini yake.

Haya, mambo ya vitendo. Kugusa, msiguse hata kama mlinzi yuko mbali, bronzi ya nje hupakwa nta ya kuikinga, na jasho la mikono lina chumvi na mafuta, ndo maana kwenye sanamu nyingi mjini unakuta pua au kidole cha mguu kinang'aa peke yake kwa kushikwa shikwa. Picha, San Francisco ukungu ni mwingi na anga likiwa jeupe sanamu inatoka doa jeusi, gusa sanamu kwenye skrini ya simu ndo mwanga ukae sawa, na piga moja ya chini kabisa umechuchumaa maana kazi kama Shavasana ukiipiga umesimama inapotea yote. Watoto wapelekeni tena wapelekeni sana, uani wanaweza kuongea kwa sauti, ndani watanyamazishwa.

Kazi za Mutu zilishaondoka pale ila Mwenye Kufikiri yupo, na kusimama uani hakuhitaji tiketi, basi namba 18 inakushusha mlangoni. Jumatatu wanafunga. Beba sweta hata kama ni Julai, hasa Julai, ule upepo wa baharini hauna huruma.