Kabla hujajenga nyumba ya tembe kwenye makumbusho ya pwani

Masika ya kwanza, nyumba yetu ya tembe, yaani yenye paa bapa la udongo, ilivuja kila kona. Tulikuwa tumeijenga katika makumbusho madogo ya wazi huku pwani, kwa vipimo tulivyochukua kijijini Ugogo, nchi ya Wagogo huko Dodoma: nguzo zenye panda, boriti, fito zilizobanana, nyasi, na juu yake tabaka la udongo. Hatukukosea kipimo hata kimoja. Tulikosea mvua. Dodoma hupata kama milimita 570 kwa mwaka. Dar es Salaam hupita 1,000, na masika hunyesha siku mfululizo. Udongo ulilowa, ukawa mzito, boriti mbili zikapinda.

Kwa hiyo ukipewa kazi hii, uliza kwanza nyumba hiyo ilikuwa ikipambana na nini kwao. Paa bapa la Wagogo ni la nchi kavu. Msonge wa Wahaya, nyumba ya duara iliyoezekwa nyasi mpaka karibu na ardhi, imezoea mvua za Ziwa Victoria. Nenda Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, uone nyumba za makabila mbalimbali zilivyo jirani, na uanze na mapaa.

Wazee waite mapema. Sisi tulimleta mzee mmoja wa Kigogo kazi ikiwa imekwisha. Aliingia, akanusa, akauliza: "Mjukuu wangu, moto wenu uko wapi?" Hatukuwa nao, tuliogopa nyumba kuungua. Akatueleza kwamba moshi wa kila siku ndio unaokausha paa kwa ndani na kufukuza wadudu wanaotafuna fito. Tangu siku hiyo tunawasha moto kila asubuhi, mlinzi akiwa karibu na ndoo za maji na mchanga.

Tulipoezua, tuliweka nailoni nzito chini ya udongo na kuinamisha paa kidogo upande wa nyuma. Jambo hili lilininyima usingizi, maana nyumba ya zamani haikuwa na nailoni. Msimamo wangu leo: weka, lakini liandike kwenye kibao cha mlangoni, na pembeni jenga kipande cha paa halisi ambacho mtoto wa shule anaweza kuhesabu matabaka yake.

Tenga pia fedha za kukandika kuta kila mwaka. Sisi hukandika Juni, masika yakiisha, tukiongozwa na akina mama wawili kutoka Ugogo. Udongo wa kichuguu wanauchagua wenyewe, kwa kuufinya mkononi.