Siku tatu nikiutafuta mwanga wa kijani

Kama ndiyo kwanza umekabidhiwa fuwele ya BBO, ile ya kugeuza mwanga usioonekana kuwa wa kijani, na leza ya infraredi ya nanomita 1064, usipite nilikopita mimi. Siku tatu nzima leza inawaka, lenzi zimenyooka, fuwele iko mahali pake, na karatasi nyeupe kule mbele haina hata chembe ya rangi. Nikaanza kuilaumu fuwele. Nilishaandika barua pepe ya kuomba nyingine.

Fuwele ilikuwa nzima. Kazi yake ni kuunganisha fotoni (chembe za mwanga) mbili za infraredi, mwanga ambao jicho haliuoni, ziwe moja ya kijani, nanomita 532. Ila humo ndani rangi hizi mbili huwa hazitembei mwendo mmoja, basi kijani kinachozaliwa mlangoni hukinzana na kinachozaliwa mbele kidogo, vikazimana. Dawa yake ni kuiinamisha fuwele mpaka miendo ilingane. Kwa BBO ni takriban nyuzi 22.8 kati ya mhimili wake na mwale. Hilo nilikuwa nimelisoma. Nililosahau ni kwamba hesabu hiyo inafaa tu iwapo infraredi inatetema upande unaotakiwa. Yangu ilikuwa inatetema upande mwingine kabisa. Fundi wa maabara, mzee asiye na maneno mengi, alisimama nyuma yangu kidogo, akauliza, "Umejaribu kuizungusha robo?" Nikaizungusha fuwele robo mzunguko, nikagusa skrubu polepole, na karatasi ikawaka kijani.

Kwa hiyo anza na upande wa mtetemo, ndipo uende kwenye nyuzi. Na ukipata doa hafifu tu, usikate tamaa: mwaka 1961 mwanafizikia Peter Franken na wenzake huko Michigan, Marekani, walipofanya jambo hili kwa mara ya kwanza, kwa leza ya rubi na kwatzi, doa lao lilikuwa dogo mno hata likafutwa kwenye picha ya makala yao, kwa kudhaniwa ni uchafu. Mshale uliowekwa kulionyesha ukabaki ukionyesha patupu.

Kijani kikishawaka utatamani kuvua miwani ya kinga ukione vizuri. Usivue. Infraredi ambayo haikugeuka bado inapita palepale, na jicho haliwezi kupepesa kwa kitu lisichokiona.

Utamu wenyewe niliuonja baadaye, nilipopata leza ya mapigo mafupi. Gawa mwale uwe miwili, ipishanishe ndani ya fuwele, na katikati yake utatokea wa tatu. Ziba mmoja wowote, huo wa katikati unazimika: mwanga umekuwa swichi ya mwanga. Uvumilivu unahitajika, maana mapigo lazima yafike pamoja, na kwa picosekunde 1 (sehemu moja ya trilioni ya sekunde) mwanga husafiri milimita 0.3 tu. Mimi husogeza kioo kwa skrubu ya mikromita huku nimezima taa za chumba.

Jioni irudishe BBO kwenye kiboksi chake. Hunyonya unyevu, uso wake ukafifia. Mimi huweka humo vile vipakiti vinavyokuja na viatu vipya.