Shimo la mfupa lijazwe nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka 13 ana uvimbe usio wa saratani ndani ya mfupa wa mkono, karibu na bega. Utakwanguliwa, kisha shimo lijazwe. Lazima akatwe mfupa wa nyonga wa kulijazia?

JIBU: Marahaba. Si lazima. Mfupa wake mwenyewe ndio bora kwa sababu una chembe hai, lakini nyonga ya mtoto hutoa kidogo, na kidonda chake huuma. Ukichukuliwa, vitumike glavu na vifaa vingine kabisa, uvimbe usije ukapandikizwa nyongani.

Badala ya mfupa wake, shimo huweza kujazwa punje za madini. Punje za salfeti ya kalsiamu huyeyuka ndani ya wiki 6 hadi 12, pengine kabla mfupa mpya haujakomaa. Kidonda huweza kuvuja majimaji meupe. Si lazima yawe usaha, ila mrudisheni hospitali yakaguliwe. Fosfeti ya kalsiamu hukaa miezi mingi zaidi, nasi twaipendelea kwa shimo kubwa. Punje zisishindiliwe zikawa unga, maana mishipa ya damu itakosa njia.

Muulizeni sana daktari kuhusu ukwanguaji: mabaki yakiachwa kwenye kona za shimo, uvimbe hurudi, hata lijazwe nini. Mtoto asibebe ndoo wala kucheza mpira mpaka eksirei ionyeshe kingo za punje zimefifia, yaani mfupa mpya umeshikana nazo.